Kabla hujarekodi hata somo moja, iuze hiyo kozi kwanza (uzi mrefu)

Wakuu, habari za muda huu.

Kamera gani, maiki gani, programu gani ya kuhariri video: maswali hayo watu wanaotaka kuuza kozi mtandaoni wameyauliza sana na majibu yake yapo tele. Swali linalokosa nafasi ni moja: hiyo kozi kuna mtu atailipia? Naomba tulijadili kwa kina, maana nimeona walimu wazuri, watu wanaoijua kazi yao vilivyo, wakijifungia miezi kurekodi masomo ambayo hakuna aliyewaomba. Inauma kuona.

Kurekodi kozi si lelemama. Video ya dakika 10 unayoiona imenyooka ina muhtasari nyuma yake, ina maandishi, ina vipande vilivyorudiwa kwa sababu sauti ilikwaruza au mwalimu alijichanganya, halafu kuna kuhariri na kuandaa mazoezi. Zidisha mara 30. Ukimaliza ndipo unatangaza, na wanaokuja ni ndugu na marafiki walioona haya kukukatalia. Mwalimu anaanza kuamini kwamba hajui kutangaza, anaongeza hela kwenye matangazo, kumbe kasoro ilikuwa kule mwanzo kabisa: mada aliichagua peke yake.

Dawa yake ni kuuza kabla. Unaandika kozi itafundisha nini, itaanza lini na bei yake ni kiasi gani, kisha unafungua malipo kwa muda mfupi, tuseme siku 10. Kabla ya kufungua uwe umeshaweka idadi ya wanunuzi unaowahitaji. Wakifika, unaitengeneza. Wasipofika, unarudisha hela yote kwa kila aliyelipa na kozi huitengenezi. Hapo pa kurudisha ndipo penye uti wa mgongo wa jambo zima. Kama moyoni hauko tayari kurudisha hela na kuachana na wazo lako, hupimi soko, unakusanya michango.

Kwa nini hela na si maoni

Mtu akikuandikia "hiyo kozi ikitoka unistue" hajakudanganya. Wakati anaandika anamaanisha kabisa. Shida ni kwamba kusema hakumgharimu kitu.

Mwaka 1934 mwanasosholojia wa Marekani, Richard LaPiere, alichapisha matokeo ya safari alizofanya akiwa na mume na mke Wachina, enzi ambazo Wachina walibaguliwa waziwazi nchini humo. Waliingia kwenye hoteli, kambi za wasafiri na migahawa 251, na walikataliwa mara moja tu. Baadaye akaziandikia sehemu zilezile kuuliza kama zingepokea wageni Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Wale walikataa kwa kalamu wakakubali kwa vitendo. Wateja wa kozi wanafanya kinyume chake, wanakubali kwa mdomo halafu mkono haufiki mfukoni. Pengo ni lilelile. Ndiyo maana dodoso la "je, ungependa kozi ya kitu fulani?" mimi silitumii kuamua lolote. Nalitumia kujua maneno ambayo watu wanayatumia kueleza shida yao, na hapo tu.

Kuna hatua za kati, sizidharau. Mwaka 2010 Joel Gascoigne, mwanzilishi wa Buffer (huduma ya kupanga machapisho ya mitandao ya kijamii), aliweka ukurasa unaoeleza huduma ambayo bado hajaitengeneza. Aliyebonyeza aliambiwa haijawa tayari, aache baruapepe. Alipoona watu wanaacha, akapachika katikati ukurasa wa bei, aone nani ataendelea kubonyeza akishajua kuna kulipia. Ni kipimo kizuri kuliko "like", ila kubonyeza bei na kulipa bei bado ni mambo mawili. Kwenye kozi huna sababu ya kuishia hapo, maana tofauti na programu ya kompyuta, kozi unaweza kuianza ukiwa na somo la wiki ya kwanza tu.

Idadi unaiweka kabla, tena kwa maandishi

Hapa ndipo wengi wanateleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua saa ambazo kozi itakula, bila kujidanganya. Tuseme 100. Chukua bei ya kozi ukishatoa makato ya malipo, uilinganishe na unachopata kwa saa moja ya kazi yako ya kawaida. Tuseme bei hiyo ni sawa na saa 4. Gawa 100 kwa 4, unapata 25. Wanunuzi 25 wanarudisha jasho lako tu, faida bado. Unaweza kusema kozi nitaiuza tena na tena, kwa hiyo wanunuzi 15 wa kwanza wananitosha. Sawa, ni hesabu halali. Ila iseme leo, uiandike, umpe mtu mwingine akushikie. Ukiiacha kichwani, wakilipa 6 utaona 6 ni wengi sana kwa kuanzia. Nafsi ya mtu mwenye wazo lake haishindwi kutafuta sababu.

Kickstarter, tovuti ya kuchangisha hela za miradi, imekuwa ikienda hivyo tangu ianze mwaka 2009: mwenye mradi anaweka lengo na siku ya mwisho, lengo lisipofikiwa waliochangia hawakatwi chochote. Kanuni hiyo inamlinda mchangiaji, na inamlinda mwenye mradi pia asijibebeshe kazi isiyo na hela ya kutosha.

Halafu kuna suala la watu wangapi wameona tangazo lako. Ukiwaonyesha 30, asinunue hata mmoja, bado hujajua kitu. Wanatakwimu wana kanuni rahisi, kanuni ya tatu: ukipata sifuri, gawa 3 kwa idadi ya watu, jibu ndilo kiwango cha juu ambacho bado kinawezekana, kwa uhakika wa asilimia 95. 3 gawa kwa 30 ni asilimia 10. Yaani inawezekana mmoja kati ya kila 10 angenunua na wewe hujakutana naye tu. Wakiwa 300 na bado sifuri, kiwango cha juu ni asilimia 1, na hapo sasa unaweza kuongea. Na upande wa pili usirukeruke mapema: watu 100 wakiona na 3 wakanunua, kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 0.6 na 8.5. Usichukue hiyo 3 ukaizidisha kwa watu elfu kumi ukaanza kupanga maisha.

Hesabu zote hizo zina maana iwapo walioona ni watu wa aina utakayowauzia kesho. Ununuzi wa shemeji yako usiuhesabu.

Ukurasa wa mauzo

Andika ukweli wote, tena juu, si kwa herufi ndogo chini. Tuchukue kozi ya Excel kwa watu wanaofunga hesabu za biashara ndogo. Ningeandika hivi:

"Kozi hii haijarekodiwa bado. Tutaanza tarehe (weka tarehe), masomo 2 kila wiki kwa wiki 4, na kila somo litakuwa kwenye akaunti yako siku ileile. Natafuta wanafunzi 25 wa mwanzo. Tarehe ya mwisho ikifika hatujatimia, utarudishiwa hela yako yote ndani ya siku 7, huhitaji hata kuomba. Ukimaliza kozi utaweza kufunga hesabu za mwezi peke yako: mauzo, madeni, stoo na faida, kwenye faili moja."

Angalia ile sentensi ya mwisho. Haisemi "utaijua Excel kwa undani". Inataja kitu ambacho mtu atakifanya kwa mikono yake na jirani akakiona. Ahadi ikiwa ya jumla mno, watu wasiponunua hutajua wamekataa mada, wamekataa bei, au hawakuelewa unauza nini.

Chini yake weka muhtasari wa masomo na somo moja la mfano la bure, hata kama umelirekodi kwa simu. Mnunuzi anataka kujua kama unaeleweka ukiongea. Bila hilo unamuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hela hiyo si yako bado

Nasema hili kwa msisitizo. Iweke kwenye akaunti ya peke yake na usiiguse mpaka umeanza kufundisha. Mteja aliyelipa kwa Visa au Mastercard kwa kawaida ana siku 120 za kulalamika benki yake kwamba alicholipia hakikufika, na zinahesabiwa kuanzia tarehe uliyomwahidi. Kampuni za kupokea malipo zinalijua hilo, na nyingine hushikilia sehemu ya hela zikiona unauza kitu cha baadaye. Soma masharti yao kabla hujafungua malipo, si baada. Sheria nazo zinatofautiana: Umoja wa Ulaya unampa anayenunua mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo, ingawa kwa maudhui ya kidijitali haki hiyo inaweza kuondoka akiridhia waziwazi yaanze kutolewa mapema. Angalia ya wateja wako inasemaje.

Na tarehe uitunze. Mwaka 1756 Samuel Johnson, Mwingereza aliyekuwa tayari na jina kubwa kwa kamusi yake, alitangaza toleo jipya la tamthilia za Shakespeare na kuanza kupokea hela za wasomaji kabla. Aliahidi kumaliza mwishoni mwa 1757. Kazi ilitoka 1765. Katikati hapo, 1762, mshairi Charles Churchill alimwanika hadharani kwa mashairi, akiuliza hela umechukua, kitabu kiko wapi. Kama mtu wa hadhi ile lilimkuta, sisi tusio na jina tutavumiliwa wiki ngapi?

Karibuni tujadili.

---

#2
Mkuu nashukuru kwa madini. Ila mimi naona kama kuna harufu ya utapeli. Unachukua hela ya kitu ambacho hakipo. Hivi ndivyo watu walivyolizwa mitandaoni.

Mleta mada
Hofu yako ina msingi, ndugu yangu, na sitaki kuipita juujuu. Tapeli anaficha kwamba kitu hakipo. Mwenye kuuza kabla kwa haki anasema wazi hakipo, anasema lini kitakuwepo, na anasema hela itarudi vipi. Anayenunua tiketi ya safari ya mwezi ujao naye analipia kitu ambacho hakijatokea, na hajisikii kuibiwa kwa sababu masharti yapo mezani.

Wewe kama mnunuzi, dai mambo matatu kabla ya kulipa: tarehe kamili ya kuanza, idadi inayotafutwa, na njia ya kurudishiwa. Mwuzaji akikosa moja kati ya hayo, shikilia hela yako. Na mwuzaji anayesema "zimebaki nafasi 3 tu" kwenye kozi ya video isiyo na kikomo cha nafasi, huyo mkimbie.

#5
Mimi ni mwalimu, nimeuza kabla na naunga mkono. Kilichonisaidia zaidi hata kuliko hela ni maswali. Mtu akishalipa anauliza kwa uchungu. Muhtasari wangu ulikuwa umeanza na historia ya somo na nadharia, wanafunzi wote wakawa wanauliza mambo ya somo la 6. Nikaugeuza juu chini kabla sijarekodi. Ningekuwa nimesharekodi nisingekuwa na moyo wa kubomoa.

Mleta mada
Asante sana kwa hili, dada. Watu walipie halafu kozi ijengwe nao. Ndiyo sababu sishauri kurekodi masomo yote kwa mkupuo hata idadi ikitimia. Toa la wiki ya kwanza, sikiliza, andaa la pili.

Niongeze jambo linaloendana na hilo. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha kwenye jarida la Science uchambuzi wa kozi za mtandaoni za MIT na Harvard. Mwaka wa 2017–18, waliomaliza kati ya wote waliojiandikisha walikuwa kama asilimia 3. Kati ya wale waliolipia cheti, walimaliza asilimia 46. Sisemi hela ndiyo iliyowafanya wamalize; aliyelipa mara nyingi alikuwa na nia tangu awali. Kwa mwuzaji hilo lenyewe ndilo jibu, kwa sababu unachotafuta ni kujua wenye nia ni wangapi, na malipo yanawachuja. Orodha ya waliojiandikisha bure haichuji.

#7
Bei ya waliowahi iwe chini kiasi gani? Nilifikiri niwape kwa robo ya bei wajae haraka.

Mleta mada
Usifanye hivyo, mkuu. Ukiuza kwa robo ya bei unapima kama watu wanapenda vitu vya bei ya chee, na hilo tunalijua tayari. Bei kamili ikirudi hujui tena nani atabaki. Wapunguzie kidogo, au usipunguze kabisa, badala yake uwape kitu ambacho wa baadaye hawatakipata: muda wako. Kikao cha maswali cha moja kwa moja kila wiki, au kukagua kazi zao mwenyewe. Wanastahili, wameingia wakati kozi haijawa na ushahidi wowote. Na wewe unapata kuwasikia.

Kama una shaka na bei, jaribu bei mbili kwa makundi mawili tofauti kwa nyakati tofauti. Usiwatoze watu wawili wa kundi moja bei mbili, watajuana na uaminifu utaondoka.

#9
Sisi tusio na wafuasi tunafanyaje? Nina wafuasi wachache na wengi ni niliosoma nao.

Mleta mada
Wafuasi si lazima. Ingia pale ambapo watu wenye shida hiyo wanakutana tayari, makundi ya fani yao, vyama vya kitaaluma, mikutano yao. Wiki za mwanzo usiuze. Jibu maswali. Utaona swali moja linarudi kila mara kwa sura tofauti, na hilo ndilo kozi.

Kisha ongea na mmoja mmoja. Usimuulize "ungenunua?" Muulize mara ya mwisho shida hiyo ilipompata alifanya nini, alilipa nani, ilimchukua muda gani. Aliyewahi kutoa hela au kupoteza siku nzima kutafuta suluhisho ni mteja. Anayesema "ni tatizo kubwa sana" na hajawahi kufanya lolote, si mteja wako leo. Ukipata 15 au 20 wa aina ya kwanza, watumie ule ukurasa kwa majina yao, ukiwaeleza kipande gani cha kozi kinajibu kile walichokuambia. Ni kazi ya taratibu, lakini kwa asiye na wafuasi naiamini kuliko matangazo ya kulipia.

#10
Nakazia hapo kwa mmoja mmoja. Mimi wateja wangu wote wa mwanzo walitoka kwenye mazungumzo ya inbox.

#12
Na ikitokea idadi imefika nusu? Lengo 20, wamelipa 11. Kurudisha roho inauma, kuendelea naogopa.

Mleta mada
Swali zuri kuliko yote humu.

Kwanza, uliandika 20 ukiwa na akili iliyotulia. Iheshimu. Usiongeze siku kimyakimya, maana waliolipa walikubali tarehe fulani.

Ila 11 si sifuri, na watu 11 waliotoa hela ni hazina ya taarifa. Wapigie simu. Waulize ni sentensi gani kwenye ukurasa iliyowafanya walipe. Halafu watafute waliofika mpaka ukurasa wa malipo wakaacha, kama uliwapata baruapepe, uwaulize kilichowazuia. Mara nyingi utakuta walioingia wote wanafanana kwa kitu ambacho hukukitarajia, labda wote ni watu wanaojiandaa kwa mtihani fulani, na kumbe tangazo lako lilikuwa linaongea na kila mtu.

Ukishajua hilo una njia mbili za haki. Ya kwanza, rudisha hela kama ulivyoahidi, uandike upya kwa ajili ya kundi hilo, ufungue tena baada ya wiki chache. Ya pili, waeleze hao 11 kwamba lengo halikutimia na uwape kitu kidogo zaidi: badala ya kozi ya video ya wiki 4, darasa la moja kwa moja la siku 2 kwa bei ndogo. Anayetaka anabaki na kurudishiwa tofauti, asiyetaka anarudishiwa yote. Lazima achague mwenyewe. Akikaa kimya, hesabu kwamba amekataa na umrudishie.

Ujumbe uwe mfupi: "Tulihitaji watu 20, tumepata 11, kwa hiyo kozi haitafanyika kama nilivyoitangaza. Hela yako inarudi kufikia tarehe (weka tarehe). Kama ungependa darasa dogo la siku 2 badala yake, nijibu 'ndiyo' na nitakurudishia tofauti tu. Naomba pia uniambie kwa sentensi moja ulitaka kozi hii ikusaidie nini."

Utume siku ileile ya mwisho, usingoje kesho yake. Ukisharudisha, mtumie kila mmoja namba ya muamala wake.